Chuchu bandia: mpe au usimpe? Jinsi ya kuamua kabla hujaitoa kwenye pakiti

Kwanza tuelewane tunaongelea nini, maana kila mtu ana jina lake, wengine wanaita dami, wengine pasifaya, wengine nyonyo ya mpira, na dukani ukisema tu "nataka chuchu" unaweza kupewa ile ya kuvalisha kwenye chupa ya maziwa. Mi naongelea kale kadude ka mtoto kunyonya tupu, hakatoi maziwa wala maji, mbele kana kichuchu, katikati kisahani, nyuma kipete cha kushikia. Humu nitaita chuchu bandia.

Nina watoto wawili. Wa kwanza alipewa akiwa na siku tisa, kuna mgeni alikuja kuona mtoto akaleta khanga na sabuni na ndani ya mfuko kulikuwa na chuchu bandia, jioni ile mtoto alilia sana, bibi yake akasema mpeni hicho anyamaze, tukampa, akanyamaza, nyumba nzima tukalala. Basi ikawa ndo dawa, akilia kidogo tu chuchu, analala masaa manne mpaka matano na mimi nasema alhamdulillah nina mtoto mpole. Siku ya 28 tumeenda kliniki, mizani inasoma karibu sawasawa na siku aliyozaliwa. Nesi hakunigombeza, aliniuliza swali moja tu, kwa siku ananyonya mara ngapi, nikahesabu kwa vidole nikafika sita nikaishia hapo. Akasema hiyo kitu itoe kwanza, mtoto akifungua mdomo mpe ziwa, hata kama katoka kunyonya nusu saa iliyopita. Baada ya wiki mbili nikarudi, uzito umepanda.

Sisemi chuchu bandia ni sumu, maana wa pili naye nilimpa na hakupata shida yoyote. Ninachoshikilia ni kimoja, chuchu bandia ije baada ya ziwa, isije badala ya ziwa. Maswali yote ya hapa chini ni ya kukusaidia kujua nyumbani kwako itakuwa ipi.

Ziwa limeshakaa sawa?

Matiti yanatengeneza maziwa kadri yanavyonyonywa, mtoto akivuta sana yanakuja mengi, asipovuta mwili unajua hayahitajiki unapunguza, na wiki za mwanzo ndo mwili unapanga utengeneze kiasi gani. Kwahiyo nusu saa anayokaa ananyonya mpira wakati alikuwa anataka kunyonya ni nusu saa ambayo oda ya maziwa haijapelekwa. Alafu kuna habari ya mdomo, ziwani mtoto anatakiwa afungue mdomo wazi ashike mpaka ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu, kwenye mpira anashika kwa ncha ya midomo tu, na mtoto ambaye bado anajifunza anaweza kuleta ushikaji huo kwenye titi, mama anachubuka, kunyonyesha kunauma, kila akisikia mtoto analia anatamani ampe mpira, ndo hapo mambo yanapoanza kuharibika taratibu.

Shirika la Afya Duniani na UNICEF mwaka 1989 walipotoa zile hatua 10 za kufanikisha unyonyeshaji, hatua ya tisa ilikataza kabisa chuchu bandia kwa mtoto anayenyonya. Mwaka 2018 wakairekebisha, saivi inasema mama ashauriwe kuhusu matumizi na hatari za chupa na hizi chuchu. Nadhani wamefanya vizuri kwasababu mama aliyekatazwa tu anaenda kununua kimyakimya, ila aliyeelezwa anajua asubiri nini. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani chenyewe kinasema anayenyonya maziwa ya mama asubiri mpaka unyonyeshaji ukae sawa, ambayo mara nyingi ni kama wiki 3 au 4. Sisi huku tuna kipimo chetu tayari na kinaenda mbele zaidi kidogo, arobaini. Mzazi yuko ndani, anakula mtori na supu, anakandwa, kazi zote wanafanya wengine, basi siku hizo ziwe za ziwa tupu, na zawadi ya mgeni ikae kabatini.

Ila usifungue pakiti kwa kuangalia kalenda tu. Angalia haya, mtoto ananyonya mara 8 mpaka 12 ndani ya masaa 24, analowesha nepi au pampasi kama sita hivi au zaidi kwa siku, uzito wa kuzaliwa umerudi (mtoto mchanga huwa anapungua kidogo siku za kwanza, kwa kawaida akifika wiki mbili anakuwa amerudisha) na mstari wake kwenye kadi ya kliniki unapanda, na wewe kunyonyesha hakukuumi. Kikiwepo kimoja hakijakaa sawa, subiri, hata kama arobaini imepita, na umuone nesi au mkunga akuangalie mtoto anavyoshika titi. Kama mtoto wako anatumia maziwa ya kopo tangu mwanzo kwa sababu za kidaktari hiyo hoja ya kusubiri haikuhusu sana, ruka uende mbele.

Analilia nini?

Hapa ndo wengi tunakosea. Chuchu bandia inanyamazisha kilio, lakini kilio ndo njia kubwa mtoto aliyonayo ya kukwambia kitu, kwahiyo kabla hujampa pita kwanza kwenye mambo haya na uyapite kweli.

Njaa. Kulia ni dalili ya mwisho ya njaa, kabla ya hapo anageuza kichwa huku na huku anatafuta, anafungua mdomo, ananyonya ngumi, anajinyonganyonga. Ukimpa chuchu wakati ananyonya ngumi umemkosesha mlo. Na jioni watoto wengi wananyonya mfululizo, anaacha dakika kumi anataka tena, hasa kwenye wiki ya pili, ya tatu, ya sita, unaambiwa maziwa yako hayatoshi au mepesi, hapana, anakula kwa pamoja na anaongeza oda. Ukikatisha na mpira pale unapunguza maziwa yako kwa mkono wako mwenyewe.

Joto. Hili la Dar, Tanga, Mombasa huko wote mnalijua, mtoto kavalishwa kofia ya sufu, soksi, sweta, kafunikwa blanketi na feni imezimwa asipate baridi, anatokwa jasho shingoni. Mguse mgongo au shingo, kama pana jasho mpunguze nguo. Mwanangu wa pili mara nyingi alinyamaza kwa kuvuliwa kofia tu.

Gesi. Mweke begani umcheulishe, mkande tumbo, mkunje miguu. Hapa ndo utasikia "mtoto ana chango" na kitatolewa kijiko cha maji ya dawa, maji ya mizizi, sijui gripwota. Mpaka afike miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana, isipokuwa dawa aliyoandikiwa hospitali. Nawaheshimu sana bibi zetu na mambo mengi wako sahihi kuliko sisi, ila hili nilikataa kwa upole na ningekataa tena. Kama lazima mtu afanye kitu, mpe mtoto abembee naye, hiyo bibi anaiweza kuliko mtu yeyote ndani ya nyumba.

Nepi imelowa, anataka kubebwa, kachoka na kelele za wageni, hizo unazijua.

Ugonjwa. Mtoto wa chini ya miezi 3 akiwa na joto la mwili la nyuzi 38 au zaidi ni hospitali muda huohuo, usiku au mchana. Vilevile akikataa kunyonya, analegea, anapumua haraka au mbavu zinaingia ndani, amepata degedege, kitovu kinatoa usaha, amekuwa wa njano. Mtoto wa hivyo akipewa chuchu anaweza kutulia kidogo na nyie mkaona amepona, naomba sana hapa msidanganyike.

Ukipita yote, kashiba, kakavu, hana joto, hana homa, na bado anatafuta tu kunyonya, hapo sasa kuna haja ya kunyonya yenyewe kama yenyewe, watoto wanazaliwa nayo, wengine utrasaundi inawakuta wananyonya kidole tumboni. Mtoto wa hivi unaweza kumpa titi tena atulie, na wamama wengi ndo tunavyofanya na hakuna ubaya wowote, au ukampa chuchu bandia mikono yako ikapumzika. Kujua tu kwamba hujakosa kitu kwa kuchagua kimoja kati ya hivyo inapunguza presha sana.

Nani atakaa na mtoto?

Swali hili sijaona watu wanaliuliza na mimi naona kwa mazingira yetu ndo kubwa kuliko yote. Likizo ya uzazi kwa walioajiriwa Tanzania ni siku 84, mapacha siku 100, baada ya hapo unarudi kazini mtoto ana miezi mitatu kasoro kidogo, anabaki na dada au bibi. Wewe ukiwa nyumbani unajua chuchu umempa baada ya kunyonya. Dada ana kufua, ana kupika, ana mtoto mwingine wa kumpeleka shule, mtoto akilia chuchu iko mezani, atampa, na simlaumu, mtu yeyote mwenye kazi zote hizo angempa. Ukirudi jioni unaambiwa leo katulia sana na maziwa uliyokamua yamebaki nusu.

Kwahiyo kama unarudi kazini amua mawili. Ama chuchu haipo kabisa mchana, unaondoka nayo kwenye mkoba wako, ama ipo kwa utaratibu ambao dada anaujua na mmeufanya pamoja angalau wiki moja kabla hujaanza kazi. Utaratibu wangu ulikuwa mwepesi, kila mara maziwa kwanza, akimaliza kikombe akiwa bado anahangaika ndo chuchu ya kulalia, akishalala haitafutwi tena. Nilimuomba dada aniandikie kwenye daftari maziwa yametoka saa ngapi, ndo nilikuwa naangalia nikirudi. Alafu usisahau sheria ya ajira ya hapa Tanzania inampa mama anayenyonyesha muda wa kwenda kunyonyesha ndani ya saa za kazi, hadi masaa mawili kwa siku, waulize kazini kwako wamelipangaje, wengi tunakaa kimya tu.

Sababu za kumpa, na za kutompa

Ya kwanza ni usingizi. Wale madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri mtoto apewe chuchu bandia wakati wa kulala kwasababu imeonekana watoto wanaolala nayo wana hatari ndogo ya kile kifo cha ghafla cha mtoto mchanga usingizini. Hii ni sababu ya kweli na nzito, ila ina wenzake ambao ni wakubwa kuliko yenyewe: mtoto alazwe chali, kwenye godoro gumu kiasi, bila mito wala mablanketi mazito usoni, na asivutishwe moshi wa sigara. Mtu asinunue chuchu alafu mtoto akalazwa kifudifudi kwenye mto.

Ya pili ni njiti. Watoto waliozaliwa kabla ya wakati na bado wanalishwa kwa mpira wa puani, kunyonya chuchu tupu kunawasaidia kujifunza kuvuta na kunaweza kuwafanya waende ziwani mapema, ndo maana manesi wa wodi ya njiti wanaweza kukushauri hata kama ni mchanga sana. Hapo fuata wao, pamoja na kumbeba kifuani kwa kangaruu.

Sindano pia, kunyonya kunapunguza maumivu, ingawa ziwa ndo bora zaidi, mnyonyeshe wakati anachomwa chanjo, muombe nesi, wengi wanakubali. Na safari ndefu ambapo haiwezekani kunyonyesha muda ule.

Upande wa pili, masikio. Kuanzia miezi 6 kwenda mbele watoto wanaonyonya chuchu kutwa wanapata maambukizi ya masikio zaidi, kama wako ameshawahi kutoa usaha sikioni mimi ningeiondoa kabisa. Meno, akipita miaka miwili bado anayo, hasa akifika mitatu minne, meno ya mbele yanaweza kushindwa kukutana, juu na chini kunabaki uwazi. Fangasi wa mdomoni, ule utando mweupe usiofutika, ukiwepo lazima mtoto atibiwe na chuchu zote zichemshwe au zitupwe, na wewe matiti yako yaangaliwe la sivyo mnaambukizana kila siku. Na kuongea, mtoto wa miezi minane anatakiwa awe anapiga kelele zake ba ba ba, hawezi na mpira mdomoni.

Alafu usafi. Jiulize bila kujidanganya, maji nyumbani yapo kila siku? Gesi au mkaa wa kuchemsha kila siku upo? Kama jibu ni hapana basi usimpe, kuhara kwa mtoto mchanga ni hatari kuliko kulia. Hiyo peke yake inatosha kuamua na wala usijisikie vibaya.

Ukiamua kununua

Chukua ya kipande kimoja, isiyo na viungio vinavyoweza kuachia. Kisahani kiwe kipana kuliko mdomo, karibu sentimita 4, na kiwe na matundu ya hewa. Saizi ya umri wake. Silikoni ile nyeupe inayoonyesha inavumilia kuchemshwa, ile ya mpira wa kahawia inachoka haraka inaanza kunata. Zile zenye shanga, kengele, mapambo ya kungaa, acha dukani. Vuta kichuchu kwa nguvu kila siku kabla ya kumpa, ukiona ufa au imelegea tupa, na hata ikionekana nzima badilisha kila baada ya mwezi mmoja au miwili.

Usitengeneze ya kwako kwa kuziba chuchu ya chupa na pamba, nimeona inafanyika, inachomoka inamkaba.

Kuchemsha ni dakika 5 maji yakiwa yanatokota, ipua, ipoe, alafu kamua maji yaliyoingia ndani ya kichuchu maana yale ya moto yanaunguza, weka kwenye kikopo safi chenye mfuniko. Fanya hivyo mpaka miezi 6, baada ya hapo kuosha kwa sabuni na maji safi kunatosha ila mimi niliendelea kuchemsha mara mojamoja. Kuwa nazo mbili au tatu, kwenye daladala itadondoka tu na ikidondoka hairudi mdomoni mpaka nyumbani. Usiilambe wewe ndo umpe, vijidudu vinavyotoboa meno vinatoka mdomoni mwako. Usichovye kwenye sukari, na asali ni marufuku kabisa kabla ya mwaka mmoja, inaweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mpaka ashindwe kupumua.

Na kamba. Jamani kamba. Usimfungie shingoni, usiiunganishe na hirizi wala mkufu, usiibane kwenye nguo kwa kamba anapolala, wala usiiache ininginie kwenye neti. Kamba fupi ya kubana kwenye nguo ni ya mchana akiwa macho na mtu anamuona.

Kumpa kwenyewe: amenyonya, amecheua, mguse mdomo wa chini na kichuchu asubiri aivute mwenyewe, usimsukumie. Akitema mara mbili tatu, hataki, achana nayo, kuna watoto hawaitaki kabisa na wana haki yao. Akishalala ikadondoka usiirudishe, la sivyo utaamka usiku kucha kumtafutia. Na wakati yuko macho anacheza iwe kabatini.

Kuiondoa

Hii panga siku unayoanza. Miezi 6 akianza uji, ibakie ya kulalia tu. Kuanzia hapo mpaka mwaka mmoja punguza, kwanza usingizi wa mchana, alafu wa usiku, badala yake mbebe, mwimbie, mpe kitambaa chake akishapita mwaka. Wa kwangu wa pili ilichukua siku nne, ya pili ndo ngumu, ya nne hakuulizia. Usipake pilipili wala shubiri kama wengine wanavyofanya, atajipangusa machoni, na usikate ncha yake ili "iharibike", kipande kinaweza kumkaba.

Akiwa ameshapita miaka mitatu na bado analia nayo, mpeleke kwa daktari wa meno amuangalie kinywa na muongee naye mtoto mwenyewe, umri huo anaelewa. Na zile zilizobaki kwenye kikopo usimuwekee mdogo wake, mpira unazeeka hata ukikaa kabatini, tupa.